Kufunga gesi asilia kwenye gari la petroli: mtungi nyuma ya abiria ni salama, na injini itadumu?

Msafirishaji anauliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaendesha gari dogo la abiria lenye injini ya petroli ya silinda nne, na kwa siku hutembea baina ya kilomita 150 na 200, sehemu kubwa ikiwa ni mjini kwenye foleni. Mafuta yamekuwa ndiyo matumizi makubwa kuliko yote katika kazi yangu, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikifikiria kufunga mfumo wa gesi asilia, ule unaoliwezesha gari kutembea kwa gesi na kurudi kwenye petroli gesi inapokwisha.

Kinachonizuia kwanza ni woga, na sioni haya kuusema. Mtungi wenye presha kubwa utakaa kwenye buti, nyuma kabisa ya kiti ambacho asubuhi hukaliwa na watoto ninaowapeleka shule. Wapo wanaoniambia kuwa gesi hulipuka kama bomu, na wapo wanaoniambia kuwa ni salama kuliko petroli. Kila upande unazungumza kwa uhakika mkubwa, lakini sijampata hata mmoja aliyenieleza ni kwa nini.

Halafu kuna injini yenyewe. Fundi mmoja aliniambia kuwa vali zitaungua kabla ya mwaka kwisha, na mwingine akaniambia kuwa injini itadumu zaidi kwa sababu gesi haina masizi. Tena yupo mwenzangu aliyekwisha kufunga ambaye analalamika kuwa akijaza mtungi, geji husoma umejaa, lakini akiegesha gari kwa saa moja au mbili hukuta imeshuka ilhali hajatembea hata kilomita kumi. Anaamini kuwa kituo kinampunja, na mimi sijui nimjibu nini.

Naomba mwenye ujuzi wa kweli anieleze kwa kina. Sihitaji kushawishiwa wala kutishwa, nahitaji kuelewa kabla sijaweka uhai wa watu wengine juu ya uamuzi wangu.

Fundi Mitungi anajibu:

Ndugu Msafirishaji, nimefanya kazi ya kufunga na kukagua mifumo hii kwa muda mrefu, na nakushukuru kwa kuanza na watoto wanaokaa kwenye kile kiti. Nitalijibu la usalama kwa urefu kuliko mengine.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Methani ni nyepesi kuliko hewa, uzito wake ukiwa kama sehemu sita katika kumi za uzito wa hewa, kwa hiyo ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika. Petroli ikimwagika hutambaa chini, na mvuke wake ni mzito, hivyo hukaa pale pale ukingoja cheche. Jambo jingine ni kwamba methani haiwaki mpaka ifike walau asilimia 5 ya hewa iliyochanganyika nayo, na ikizidi asilimia 15 haiwaki tena kwa kukosa hewa ya kutosha, ilhali mvuke wa petroli huanza kuwaka ukiwa chini ya asilimia 2. Zaidi ya hayo, ili methani ijiwashe yenyewe kwa kugusa kitu cha moto inahitaji joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, na petroli hujiwasha chini ya nyuzi 300. Wanaosema kuwa gesi ni salama kuliko petroli wanatoa hoja yao hapa, na kwa upande wa moto hawakosei, ingawa ndani ya chumba kilichofungwa gesi hiyo hiyo hujikusanya darini, mahali ambapo aghalabu ndipo penye taa na nyaya. Ndiyo maana karakana ya magari ya gesi inapaswa kuwa na matundu ya hewa juu kabisa ya paa.

Lakini moto ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mgandamizo, na hii ndiyo ambayo wauzaji wengi huipita haraka. Gesi iliyoshindiliwa, ambayo wengi huijua kwa herufi CNG, huwekwa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa bari 200, na katika baadhi ya nchi hufika 250. Tairi la gari lako dogo lina bari mbili na kitu, kwa hiyo mtungi unabeba karibu mara mia ya hapo. Chombo chenye mgandamizo huo kikipasuka, hakihitaji hata cheche moja ili kiue. Kwa sababu hiyo mimi humwambia kila mteja kwamba swali la usalama wa gari la gesi ni swali la mtungi, na kisha ni swali la mikono ya aliyeufunga.

Mtungi halali wa gari hauna kiungo cha kuchomelea. Ule wa kawaida wa chuma hutengenezwa kwa kipande kimoja, na wapo pia wa chuma au plastiki uliofungiwa nyuzi za kaboni au za kioo kwa nje ili kupunguza uzito. Kiwango cha kimataifa kinachotumika sana ni ISO 11439. Kwa mtungi wa chuma wa bari 200, kila mmoja hupimwa kiwandani kwa bari 300, na usanifu wake hautakiwi kupasuka chini ya bari 450. Shingoni pana vali inayofungwa na umeme mara tu injini inapozimwa, pana kizuizi kinachobana njia endapo bomba litakatika ghafla, na pana kifaa kinachoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 110, ili gari likishika moto gesi itoke na kuwaka kama mwenge badala ya kuubana mtungi mpaka upasuke. Kabla ya kulipa, omba uoneshwe maandishi yaliyogongwa kwenye bega la mtungi, yaani namba yake, mgandamizo wa kazi, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa matumizi yake. Namba hiyo ifanane na iliyoandikwa kwenye cheti. Isipofanana, ondoka.

Ajali za kutisha ambazo watu huzisimulia, nyingi ni za mitungi ambayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Mtu huchukua mtungi wa gesi ya kupikia, au tangi la mashine ya kupulizia upepo, anauchomelea mguu na kuupaka rangi. Gesi ya kupikia ni propani na butani, ambazo hugeuka kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo, bari chache tu katika joto la kawaida, kwa hiyo mtungi wake ni mwembamba. Kuusukumia bari 200 ni kuutegea upasuke, na aghalabu hupasuka pale pale kituoni wakati wa kujaza. Hiyo pia ndiyo sababu ya kanuni ya vituo vingi kwamba injini izimwe na watu wote washuke na kusogea mbali kabla pampu haijafunguliwa. Abiria wako watanung'unika. Waache wanung'unike, lakini washuke.

Nikueleze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Lililetwa gari ambalo mtungi wake ulikuwa unang'aa, umepakwa rangi upya, na mwenyewe alitaka tu kugongewa muhuri wa ukaguzi. Tulipofungua mkanda unaoushikilia, tulikuta mpira wa kuzuia msuguano umekatika, maji yamekuwa yakituama kati ya mkanda na chuma, na pale pana mfereji wa kutu uliouzunguka mtungi, wenye kina cha kutosha kunasa ukucha wa kidole gumba. Tuliukataa, tukautoboa ili asiutumie mtu mwingine yeyote. Mwenye gari alikasirika sana siku ile. Ukaguzi wa kweli, ambao katika nchi nyingi hufanywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, ni ule wa kufungua mikanda, na anayekukagulia kwa kuchungulia kwenye buti tu hajakagua kitu. Mtungi wenyewe una ukomo, kwa kawaida miaka 15 hadi 20 tangu ulipotengenezwa, na hauongezewi umri kwa rangi.

Kuhusu ufungaji, angalia kwamba mtungi umefungwa kwenye chasi au sehemu ya bodi iliyoimarishwa kwa bamba, wala si kwenye bati jembamba la sakafu ya buti, kwamba vali imezungushiwa kifuko chenye mrija wa kutolea nje gesi itakayovuja, na kwamba bomba la presha kubwa linapita chini ya gari, mbali na ekzosi, bila kusuguana na kitu chochote. Mwisho wa kazi fundi apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mbele yako, gari likiwa na mtungi uliojaa. Pua yako nayo ni kipimo, kwa kuwa gesi asilia haina harufu na ile unayoisikia huongezwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane mapema. Ukiisikia, usibahatishe.

Mama Usukani anaongeza:

Nakubaliana na kaka Fundi Mitungi katika yote aliyoyaeleza. Mimi si fundi. Ni dereva ambaye mwaka wa sita huu ninatumia gesi, na ninachoweza kukupa ni yale ambayo hutayasikia mpaka uwe umekwisha kufunga.

Nianze na geji ya mwenzako, kwa sababu na mimi nilipitia shaka hiyo hiyo. Gesi ikisukumwa kwenye mtungi kwa haraka hupata joto. Weka kiganja juu ya mtungi mara tu baada ya kujaza na utausikia una vuguvugu, kama chungu kilichoepuliwa muda uliopita. Gesi yenye joto hutanuka, kwa hiyo geji hufika 200 kabla mtungi haujabeba uzito wake kamili, na joto likishapoa mgandamizo hushuka wenyewe. Langu lilikuwa likishuka kutoka 200 hadi kama 175 nikiwa nimeegesha kivulini. Hakuna aliyeniibia, kwani mita ya pampu yetu inahesabu kilo zilizopita, na kilo hazibadiliki kwa kupoa. Siku hizi siangalii presha kama kipimo cha haki yangu, naangalia kilo, na nikiweza najaza alfajiri mtungi ukiwa baridi, maana hapo huingia nyingi zaidi. Mwambie pia mwenzako apake povu kwenye viungo vyake mara moja ili awe na hakika, kwa sababu uvujaji nao hushusha geji, tofauti ikiwa ni kwamba uvujaji haukomi.

La pili ni nafasi na umbali. Mtungi wa lita 60 hubeba takribani kilo 10 za gesi. Kwa nguvu iliyomo, kilo moja ya gesi inakaribiana na lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo mtungi mzima ni kama lita 15 za petroli. Kwa mwendo wako wa kilomita 150 hadi 200 za foleni, utajaza walau mara moja kila siku. Basi kabla hujauliza bei ya mtungi, jiulize kituo kiko wapi na foleni yake ikoje saa unazopita, maana mimi nimewahi kupoteza asubuhi nzima ya kazi nikisubiri kujaza. Mtungi wa chuma nao ni mzito, karibu kilo moja ya chuma kwa kila lita moja ya ujazo, kwa hiyo umempakia abiria mmoja wa kudumu kwenye buti. Springi za nyuma za gari langu zililala ndani ya mwaka wa kwanza, nikazibadilisha kwa ngumu zaidi.

Nguvu hupungua kidogo. Gesi huingia kwenye silinda ikiwa tayari ni mvuke, hivyo inachukua nafasi ambayo hewa ya kawaida ingeikalia, na injini isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ya ziada kwenye silinda, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake. Kwenye tambarare sioni tofauti yoyote. Kwenye mlima mrefu, gari likiwa limejaa watu, nairudisha gia mapema kuliko zamani, na nikitaka kulipita lori naongeza umbali wa tahadhari.

Sasa niseme lililonikera, ili wewe lisikupate. Wiki chache baada ya kufunga, gari lilianza kukataa kuhama kutoka petroli kwenda gesi, na likihama hukohoa. Nilifungua boneti nikakuta kipunguza presha kimeganda, kimefunikwa na barafu nyeupe kama iliyo kwenye jokofu, ilhali injini imekwisha kuunguruma kwa nusu saa. Nilirudi karakana iliyonifungia, sitaitaja, wakaniambia kuwa ni hali ya kawaida ya gesi na itajirekebisha yenyewe. Haikuwa kawaida. Gesi inaposhushwa kutoka bari 200 hadi presha ndogo ya kuingia kwenye injini hupoa sana, na kwa sababu hiyo maji ya moto ya rejeta hupitishwa ndani ya kile kifaa ili kukipasha. Walipounganisha mipira ya maji, waliacha kiungo kimoja kimelegea, maji yakawa yanapungua kidogo kidogo na hewa inaingia. Aliyeligundua ni fundi mwingine kabisa, na alinionesha kwamba ningeendelea siku chache tu injini ingechemka. Barafu kwenye kipunguza presha ni kilio cha injini kukosa maji, ndugu yangu. Usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Mfuatiliaji wa Nishati anachangia:

Naheshimu uzoefu wa waliotangulia, nami nitagusa upande ambao muulizaji hakuuliza, lakini ambao huingizwa kwenye kila mazungumzo ya gesi, yaani madai kwamba ni nishati safi.

Madai hayo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa tukizungumzia moshi unaoingia kwenye mapafu ya watu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa jiji la Delhi nchini India, ambako mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru mabasi yote ya jiji yahamishiwe kwenye gesi iliyoshindiliwa. Kazi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2002, baada ya miaka ya mabishano na foleni ndefu sana kwenye vituo ambavyo awali vilikuwa vichache mno kuliko mahitaji. Masizi meusi ya dizeli kuukuu yaliondoka kwenye mabomba ya mabasi hayo, kwa sababu methani ina atomu moja tu ya kaboni katika kila molekuli yake na huungua karibu bila kuacha masizi. Funzo ninalolichukua kwa muulizaji linaafikiana na aliyosema dada Mama Usukani: magari yalipotangulia na vituo vikachelewa, madereva ndio waliolipa kwa muda wao.

Kwa upande wa joto la dunia, hesabu inahitaji uangalifu zaidi. Kwa kiasi kile kile cha nguvu, gesi asilia hutoa kaboni dayoksaidi pungufu kwa takribani asilimia 20 kuliko petroli, na hilo ni punguzo la maana. Lakini methani ambayo haijaungua, ikitoroka kwenye kisima, kwenye bomba, kituoni au kupitia ekzosi ya injini isiyorekebishwa vizuri, hunasa joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, na zaidi ya mara 80 kwa kipimo cha miaka 20. Uvujaji wa asilimia chache tu katika safari nzima ya gesi unatosha kuila faida yote iliyopatikana kwenye ekzosi. Kwa hiyo lile povu la sabuni linamlinda abiria na kulinda hewa kwa wakati mmoja.

Nimeona pia watu wakiulizia malori, nami nataka kuwaepusha na kosa la kudhani kuwa kinachofaa gari dogo kinafaa kila chombo. Injini ya dizeli haina plagi, inawasha mafuta kwa joto la mbano peke yake, na methani haijiwashi kirahisi katika hali hiyo. Ama injini ibadilishwe kwa kuwekewa plagi na kupunguziwa mbano, ama iendelee kupuliza dizeli kidogo ya kuwashia huku gesi ikifanya sehemu kubwa ya kazi. Na kwa safari ndefu mitungi ya bari 200 hubeba kidogo mno, ndiyo maana malori ya masafa hutumia gesi iliyopozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, ikageuka kimiminika na kuchukua sehemu moja katika mia sita ya ujazo wake wa awali. Gesi ya namna hiyo hufaa chombo kinachotembea kila siku, kwa kuwa kikiegeshwa siku nyingi kimiminika hupata joto polepole, huchemka, na gesi hulazimika kutolewa. Tena haina ile harufu ya tahadhari, kwani kemikali ya harufu huganda kwenye baridi hiyo, kwa hiyo vyombo hivyo hutegemea sensa za kunusa uvujaji.

Msafirishaji anarudi:

Ndugu Fundi Mitungi, dada Mama Usukani na ndugu Mfuatiliaji, nawashukuru kwa dhati. Kwa mara ya kwanza nimeelewa kuwa ninachopaswa kukichunguza ni chuma kinachoibeba gesi. Leo nimempelekea mwenzangu maelezo ya geji, na ameniambia kuwa kesho atajaza alfajiri na kuandika kilo.

Yamebaki mawili. Suala la vali halijajibiwa, na ndilo linaloweza kunimalizia mtaji. Pia nina mpango wa kubadilisha gari, na lile ninalolitazama nozeli zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, si kwenye njia ya hewa kama hili la sasa. Je, nifunge gesi kwenye hili nililonalo, au ningoje lile?

Fundi Mitungi anajibu tena:

Ndugu Msafirishaji, uwe radhi, niliiacha injini kwa sababu mtungi ulinichukulia nafasi yote.

Waliokuambia kuwa vali huungua hawakukudanganya, ila walikueleza matokeo bila kukueleza chanzo. Petroli huingia ikiwa na umajimaji unaopoza na kulainisha kidogo pale vali inapokalia, ilhali gesi ni kavu. Katika injini zenye viti vya vali laini, chuma huliwa taratibu, vali huzama, na ile nafasi ndogo inayotakiwa kubaki juu yake huisha, hivyo vali haifungi sawasawa na moto huipitia pembeni. Dawa yake ni kupima nafasi hiyo kwa vipindi, hasa kama injini yako hairekebishi vali zenyewe kwa oili. Chanzo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni gari kurekebishwa liwe na hewa nyingi kupita kiasi ili mteja afurahie ulaji mdogo wa gesi. Mchanganyiko wa namna hiyo huungua polepole, moto unakuwa bado haujaisha wakati vali ya kutolea moshi inafunguka, na vali hiyo ndiyo inayolipa. Mwali wa methani kwa asili yake ni wa polepole kuliko wa petroli, ndiyo maana mfumo mzuri hutanguliza cheche kidogo gari likiwa kwenye gesi. Fundi akijisifu kuwa atakufungia mfumo unaokula kidogo kuliko wa kila mtu, muulize anapima mchanganyiko kwa chombo gani.

Gesi pia huhitaji cheche yenye nguvu zaidi. Plagi na koili ambazo kwenye petroli zingevumilia miezi mingine sita, kwenye gesi zitaanza kukosa mwako, na utaona gari linatikisika likiwa limesimama kwenye foleni. Badilisha plagi mapema, ukipunguza kidogo mwanya wake, na ukague chujio la hewa mara kwa mara. Oili itaonekana safi kwa muda mrefu kwa kuwa haina masizi, lakini bado huzeeka kwa joto na kwa gesi za mwako zinazopita kwenye ringi, kwa hiyo ibadilishe kwa kilomita zilizopangwa, usiihukumu kwa rangi.

Gari hilo ulilonalo, lenye nozeli kwenye njia ya hewa, ndilo linalofaa zaidi. Kwenye lile jingine ncha za nozeli zimo ndani ya moto na hupozwa na petroli inayopita. Ukiikata petroli kabisa, ncha hizo hupata joto na kuharibika, kwa hiyo mifumo iliyotengenezwa kwa injini za aina hiyo huendelea kupuliza petroli kidogo hata gari likiwa kwenye gesi. Mifumo hiyo ipo na inafanya kazi, ila ni ghali zaidi, inahitaji kompyuta inayoelewana na injini husika, na akiba yako itapungua kwa kiasi cha petroli inayoendelea kutumika.

Na kwenye gari lolote utakalofunga, usiliache tangi la petroli likauke kwa kuwa sasa unatumia gesi. Injini itawashwa kwa petroli kila asubuhi mpaka ipate joto, na pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Nimebadilisha pampu nyingi za watu walioendesha miezi mitatu taa ya akiba ikiwaka. Weka walau robo ya tangi, na mara moja kwa wiki tembea kilomita chache kwa petroli ili nozeli zisizibe.

Kuhusu kama itakulipa, chukua bei ya kilo moja ya gesi uilinganishe na bei ya lita moja na nusu ya petroli, zidisha tofauti hiyo kwa kilo unazotarajia kutumia kwa mwezi, kisha utazame ni miezi mingapi itarudisha gharama ya kufunga, ukiongeza springi, plagi na ukaguzi. Kwa kilomita unazotembea wewe, mahali ambapo gesi ni nafuu hesabu hiyo hufungwa mapema. Kwa mtu anayetembea kilomita 20 kwa siku, mimi mwenyewe humshauri asifunge.

Ukifunga, andika kilo na kilomita za kila ujazaji kwa kilomita 1,000 za kwanza, kisha urudi na daftari hilo kwa aliyekufungia ili arekebishe mchanganyiko upya, mipira ikiwa imekwisha kukaa na mikanda ya mtungi imekwisha kulegea kidogo. Siku hiyo mwambie akaze mikanda, na povu lipakwe tena mbele yako.